Kinywa cha Yahaya Kinyozi

Mimi sipendi kuingiliwa. Hilo Ng'ambo nzima, hapa Tabora, wanalijua. Ukija kibarazani kwangu kunyoa, kaa, inama, nyamaza. Anayeongea ni mimi. Nimenyoa miaka ishirini na miwili. Nimenyoa mashehe, nimenyoa walimu, nimenyoa watu waliotoka jela asubuhi hiyohiyo, na hakuna aliyewahi kunifundisha kazi. Kwa hiyo mkisikia nilivyofanywa mwaka ule wa Operesheni Vijiji, mjue nilifanywa na mtu mmoja tu ambaye sikuwa na ruhusa ya kumkasirikia, naye ni mtani wangu.

Asiyejua utani nitamweleza, lakini mara moja tu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kupita vijijini kwao. Mtani akija kwako anachukua kuku, nawe humwulizi. Ukifiwa, anakuja kulala kaburini kabla ya maiti, na hatoki mpaka apewe chochote. Akikutukana unacheka, kisha unamtafutia tusi la kumrudishia. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Na maneno ya mtani huyabebi kwenda nayo nyumbani, maana ni utani.

Wangu aliitwa Abbasi, Mzaramo wa Kisarawe, mhudumu wa mabehewa kwenye treni. Kila treni ya Dar ilipoingia Tabora alikuja moja kwa moja kibarazani kwangu, anakaa kwenye kiti cha wateja na upara wake usio na unywele hata mmoja, anaanza. Mwaka mzima ule wimbo wake ulikuwa mmoja. Alisema kinywani mwangu mna maiti, na kwamba yeye amekuja kudai haki yake ya mtani kabla ya mazishi. Alisema nzi wakifika mlangoni kwangu wanapiga hodi kwanza. Mimi nilimjibu kwamba Wazaramo wanacheza ngoma mpaka wanasahau kulima, halafu njaa inawapa pua za mbwa. Wateja walicheka. Walicheka mno, sasa nikikumbuka. Mmoja alitoka nje kabisa akaenda kumalizia kucheka barabarani. Nilidhani ni mimi ninayechekesha.

Sasa nije kwenye kilichokuwa kinaniuma. Mke wangu Mwanamkuu alikuwa ameondoka. Hakuachika, hakugomba, hakuvunja hata kikombe. Alisema tu anakwenda Kwihara kwa baba yake, Mzee Mahona, kumsaidia kulima, kwa kuwa mzee alikuwa amehamishiwa kwenye mistari ya kijiji kipya na shamba la ujamaa linataka mikono. Mwanamkuu na jembe, wapi na wapi? Nimeishi naye miaka kumi na miwili, sijamwona akipalilia hata mchicha. Mwezi wa kwanza nikavumilia. Wa pili nikapanda baiskeli nikamfuata.

Alinipokea vizuri, hilo lazima niliseme. Alinipa maji ya kuoga, akanipikia, akaniuliza habari za nyumba. Lakini kila nilipofungua mdomo kumwambia turudi, aligeuza uso akatazama mashamba ya watu. Nikasogea, akasogea. Tulianzia mlangoni tukaishia kwenye zizi la mbuzi. Baba yake naye, aliponisalimu, aliitazama ardhi; nikasema sawa, mkwe na mkwewe ni watu wa kuheshimiana. Nikarudi mjini nikiwa nimeshaamua kwamba kuna mwanamume, na kwamba mwanamume huyo ni bwana shamba wa kijiji kile, kwa sababu ana pikipiki. Wallahi nilimchukia mtu yule, na jina lake nilikuwa hata silijui.

Nilimtaka mke wangu arudi. Nalisema neno hilo sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Jioni nilikuwa nikifunga kibaraza, nikiingia ndani, nasema hodi kwa mazoea, na hakuna anayeitikia.

Ndipo Abbasi akaja na mashine. Mzungu mmoja mtaalamu wa tumbaku, huko Urambo, alikuwa anarudi kwao, akampa kwa shukrani ya kubebewa mizigo. Kilikuwa kidude cheupe cha plastiki, juu kina tangi dogo la maji, ubavuni kina mpira mrefu, na mwisho wa mpira kijibomba chembamba kama spoku ya baiskeli. Unajaza maji, unachomeka kwenye umeme, kinanguruma, na maji yanachomoka kwa nguvu. Abbasi akaeleza kwamba wenzetu kwao wanasafishia kinywa kwa kitu hiki, maji yanapita katikati ya jino na jino, mahali ambapo mswaki haufiki. Halafu akaniwekea mapajani mbele ya wateja wote, akasema ameniletea jembe, nianze kumchimbia kaburi yule maiti wangu. Kibaraza kizima kikaangua kicheko, nami nikacheka kuwashinda wote. Kisha akaenda zake Kigoma na treni yake.

Sasa, kinyozi ni mtu wa akili. Nilikitazama kidude kile nikajiuliza, maji yenye nguvu namna hii yapotezwe kwenye meno? Mteja akishanyolewa, vinywele hubaki nyuma ya masikio na shingoni. Ukivifuta kwa kitambaa vinaingia kwenye kola, na mtu anajikuna siku nzima. Umeme ninao, soketi moja sebuleni. Nikavuta waya mpaka kibarazani, nikaandika ukutani kwa chaki: HAPA SHINGO HUOSHWA KWA UMEME.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Elieza, mjumbe wetu wa nyumba kumi. Nilimchagua kwa heshima. Nilikuwa nimeshamnyoa upande mmoja wa ndevu, upande wa pili bado una povu, nikasema ngoja kwanza nimwonyeshe maendeleo. Nikawasha. Mpira ule ulikuwa na nguvu zake nami sijauzoea. Badala ya nyuma ya sikio, maji yakaingia ndani ya sikio. Mwalimu Elieza, mtu mzima, mzee wa kanisa la Moravian, aliruka na shuka langu shingoni akavuka barabara, akapita duka la mafuta ya taa, na watoto waliokuwa wakitoka chuo cha Kurani wakamfuata kwa nyimbo. Jioni alirudi akiwa ameziba sikio kwa pamba. Akaniambia, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, kwamba mashine ile isitumike tena kwa wananchi mpaka habari yake ifike kwenye tawi la chama, na ukuta niufute. Nikaufuta. Yote hayo aliyasema akiwa amesimama barabarani, hatua sita kutoka kwangu, nami nikadhani anauogopa wembe.

Treni iliyofuata, nilikuwa nimemtayarishia Abbasi tusi zuri sana. Nilikuwa nimelichonga wiki nzima. Lakini siku hiyo hakupanda kibarazani. Alisimama chini, akavua kofia yake ya kazi.

"Assalaam alaikum, ndugu Yahaya," akasema. "Habari za nyumbani?"

Nikashusha wembe. Miaka tisa mtu yule hajawahi kunisalimu. Nikampa tusi langu, hakucheka. Nikamsogezea sahani ya karanga. Hakuipora, alisema ahsante, ameshakula. Hapo nikajua kuna msiba. Nilimwambia mteja aende, nitammalizia kesho, naye akaenda na kichwa nusu bila kulalamika. Nikamuuliza Abbasi ni nani aliyekufa.

"Hajafa mtu. Leo sitanii," akasema. "Kinywa chako kinanuka, Yahaya. Kinanuka kweli. Mkeo amekikimbia hicho, hakukimbia kitu kingine."

Kisha akanieleza, polepole, akiwa ameishika kofia kwa mikono miwili. Mwaka mmoja na zaidi uliopita, Mwanamkuu alimfuata stesheni na sahani ya vitumbua. Alimwomba aniambie. Yeye mwenyewe hawezi, baba yake ni mkwe hawezi, wateja wananiogopa. Lakini mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Na Abbasi akasema. Alisema treni baada ya treni, kwa kila namna aliyoijua, na kila mara mimi nilicheka nikamrudishia. Mwanamkuu alingoja mwaka mzima nisikie. Alipochoka akafunga mzigo wake. Abbasi akasema matusi yote aliyokuwa nayo ameshayamaliza, sasa imembidi atumie adabu.

Nilimfukuza. Nakubali, nilimfukuza kwa sauti, na ile haikuwa utani. Alivaa kofia yake akaondoka. Nikabaki kwenye kiti cha wateja, natazama kioo, na aibu ikanishika mpaka masikio yakawa ya moto. Watu wote wale waliokuwa wakigeuza shingo chini ya mikono yangu! Nilikuwa nikiwapiga kofi la kisogo na kuwaambia watulie. Niliweka kiganja mbele ya mdomo nikapumua, sikusikia kitu. Mtu chake hakisikii. Basi ikabidi niamini tu, na kumwamini Mzaramo ni kazi ngumu.

Nilifunga mlango mchana kweupe, nikajaza tangi, nikasimama mbele ya kioo, nikaachama. Hilo lilikuwa kosa. Maji yaligonga jino la juu yakarudi kwenye kioo, yakapanda darini, yakailowesha kalenda ya ushirika kuanzia Januari mpaka Juni. Isitoshe yalikuwa ya mtungini, ya baridi, na jino langu la nyuma lililia mpaka nikalitukana. Nikazima, nikafikiri. Mara ya pili nilipasha maji kidogo, nikainama juu ya beseni, nikafumba midomo kuzunguka kile kijibomba na kuacha mwanya mdogo wa maji kutokea. Hapo mashine ikafanya kazi yake. Damu ilitoka. Ukoga ukatoka. Katika magego kikatoka kipande cha nyama ambacho kwa hakika kilikuwa cha Idi, ila sikuweza kujua ni Idi ipi. Nililitazama beseni lile, nikamwonea huruma mke wangu kuliko nilivyowahi kumwonea huruma mtu yeyote.

Nikawa nafanya hivyo asubuhi na jioni, mswaki kwanza na maji baadaye. Siku ya nne damu ikapungua. Siku ya tisa ufizi ukakaza, na asubuhi nikaacha kuamka na ladha ambayo miaka yote nilidhani ndiyo ladha ya asubuhi. Mwalimu Elieza alikuja kumaliziwa upande wake wa pili wa ndevu. Alikaa kitini, na safari hii nilinyoa kimya, nimekaza midomo, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Siku ya kumi na tano nilisafisha kinywa mara tatu, nikapanda baiskeli. Njiani sikula kitu, hata karanga. Nilimkuta Mwanamkuu nje ya nyumba ya baba yake anapepeta mtama. Nikasimama mbali, hatua sita kama Mwalimu Elieza, nikaziba mdomo kwa mkono, nikamwambia Abbasi amenieleza yote. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mwenyewe.

Aliendelea kupepeta kidogo.

"Ningekuambia mimi, ungekuwa ukilikumbuka kila ukinitazama," akasema. "Nilitaka uambiwe na mtu unayeweza kumcheka."

Nimekaa na mwanamke yule miaka kumi na miwili nikidhani mimi ndiye mwenye maneno nyumbani. Alilaza ungo chini, akapangusa mikono kwenye khanga, akaniambia nisogee. Nikasogea hatua mbili. Akasema sogea. Nikasogea mpaka nikaona vumbi la mtama kwenye kope zake. Hakugeuza uso.

"Ondoa mkono," akasema. "Haya, sema ulilokuja kusema."

Nilikuwa na hotuba. Tangu Ng'ambo mpaka Kwihara nilikuwa naipanga juu ya baiskeli: habari za nyumba, habari za msamaha, na namna nilivyomsingizia bwana shamba wa watu. Nikafungua mdomo, na yote yakaruka. Mimi, ninayeongea kuanzia alfajiri mpaka nifunge kibaraza, nilisimama pale nimeachama na hakuna neno lililokuja.

Mwanamkuu alingoja. Alipoona sisemi, akasogea yeye, pua yake karibu iguse kidevu changu, akafumba macho.

"Basi pumua," akasema.

Nikapumua. Mzee Mahona alikuwa mlangoni akiitazama ardhi kwa nguvu zake zote. Mwanamkuu alikaa vilevile, macho yamefumbwa, kwa muda mrefu kuliko uliohitajika kunusa. Kisha akageuka akaingia ndani, nami nikasikia sanduku lake likiburutwa kutoka chini ya kitanda.