Vazi Jipya la Blogu ya Mkunga

Kwa miaka minne blogu ya Mkunga ilivaa vazi lile lile: ukurasa mweupe, maandishi meusi, na juu kabisa, kabla hata ya salamu, orodha ya dalili sita. Kutokwa na damu. Kichwa kuuma sana. Macho kuona ukungu au nyota. Uso na mikono kuvimba. Maji kumwagika kabla ya wakati. Mtoto kutocheza tumboni. Chini yake aliandika: Ukiona moja tu, usisubiri kesho.

Alikuwa ameianzisha kwa kuchoka. Wodini alijibu maswali yale yale mpaka ulimi ukaota sugu, na bado kulikuwa na akina mama waliofika na swali ambalo wakati wake umeshapita. Akaona bora aandike, anayetaka asome. Mandhari, kama mafundi wa mitandao wanavyoliita vazi la blogu, aliichukua ya bure, ile ya kwanza kwenye mstari. Ya pili hakuitazama.

Aliyezitazama zote mpaka ya mwisho alikuwa binti wa dada yake, waliyemwita Rangi tangu utotoni. Rangi alikuwa mchoraji wa mabango kwenye duka la uchapaji, na akikuta rangi mbili zisizopatana, chakula hakimshuki. Jumamosi moja asubuhi alifika kwa Mkunga na kompyuta yake kwapani.

"Mama mdogo, mwezi ujao unakwenda kuzungumza kwenye warsha ya wakunga. Watairusha blogu yako ukutani, watu mia mbili wanaangalia. Samahani, lakini inafanana na tangazo la msiba."

Mkunga alicheka, ila lilimchoma. Kweli, usiku mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ameitazama akaona haya, kama mtu aliyegundua kanga yake imechanika akiwa ameshafika sokoni.

Wakakaa mezani. Rangi akamwonyesha za bure na za kulipia, moja baada ya nyingine. Hii herufi zake nyembamba mno. Hii ni ya wauza nyumba. Hii nzuri, lakini ukitaka kubadili rangi lazima ulipie. Mwisho akafungua moja ambayo hakuwa ameisema, na Mkunga akajikuta ameinama mbele. Picha kubwa ya kichanga kinachocheka ilijaza kioo kizima, kisha ikayeyuka taratibu ikaja mikono ya mama, kisha miguu midogo. Herufi zilikuwa laini kama zimeandikwa kwa kalamu.

"Hii ya kulipia," Rangi alisema. "Nimeshainunua. Ni zawadi yako. Usiniulize bei."

Mkunga hakuuliza. Alimshika tu begani.

Siku ile nzima Rangi alikata na kushona. Alibadili kijani kikawa zambarau, akapunguza nafasi, akaingiza picha, akaficha menyu ndani ya vistari vitatu pembeni. Ilipofika zamu ya orodha ya dalili sita, alisita.

"Hii nayo, mama mdogo... Nani anataka kukaribishwa mlangoni na damu? Niipeleke ndani, kwenye menyu, chini ya Afya ya Mama. Anayeitaka ataipata."

Mkunga alifungua mdomo. Akaitazama tena ile picha ya kichanga, akaona jinsi orodha ile ingeivuruga.

"Sawa," alisema. "Iweke ndani."

Jumatatu sifa zilimiminika. Muuguzi mwenzake alimwambia sasa anafanana na jarida. Jumanne Mkunga alifungua ukurasa wa takwimu kuona wageni wangapi wamefika, akakuta wamefika wengi kama kawaida. Kitu kimoja tu kilimkwaruza: zamani mgeni alikaa dakika tatu au nne, sasa wengi walikuwa wanatoka baada ya sekunde chache. Alimpigia Rangi.

"Ndiyo mambo ya mwanzo," Rangi alisema. "Watazoea."

Jumatano sekunde zilikuwa chache zaidi. Mkunga alianza kuifungua blogu kila akipata nafasi, kwenye simu yake, na kila mara ilifunguka vizuri, kichanga kinacheka. Alijiambia aache wasiwasi. Usiku huo akaota anatafuta mlango wa wodi kwenye ukuta usio na mlango.

Alhamisi mchana, kwenye chumba cha mapumziko, mama anayefanya usafi wodini alikuwa amekaa kwenye benchi na simu yake ndogo, kioo kimepasuka kama utando wa buibui.

"Dada yangu," Mkunga alimwambia, "niazime hiyo simu nione kitu."

Akaandika anwani ya blogu. Kioo kikawa cheupe. Kiduara kikaanza kuzunguka. Mkunga alihesabu moyoni: kumi, ishirini, arobaini. Nusu ya uso wa kichanga ikatokea, jicho moja na shavu, ikaganda. Alibofya pale vistari vitatu vilipopaswa kuwa. Hakuna kitu.

"Hiyo simu haipendi picha," mama wa usafi alisema. "Ile ya zamani ilikuwa inafunguka. Hata shemeji yangu kijijini alikuwa anaisoma. Mimi nikadhani umeifunga."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini na kila mtu anakusifia?"

Mkunga alirudisha simu. Akatoa ya kwake na, kwa mara ya kwanza siku ile, akafungua barua pepe. Kulikuwa na ujumbe wa saa mbili asubuhi. Sasa ilikuwa saa saba kasoro.

Ulitoka kwa msomaji wake wa siku nyingi aliyejiita Kitinda, kwa kuwa kwao yeye ndiye kitindamimba. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane.

"Mama mkunga, shikamoo. Naitafuta ile orodha yako siioni. Namwona mtoto anacheka, halafu inaganda. Kichwa kinaniuma tangu jana asubuhi, na nikiinuka naona nyota. Nilitaka kusoma kama ni kawaida au la. Pole kwa usumbufu."

Mkunga aliandika haraka, akikosea herufi: Si kawaida. Nenda hospitali sasa hivi, usingoje chochote. Akatuma. Akakitazama kioo. Dakika tano. Hakuna jibu. Mtu ambaye haoni vizuri atasoma nini?

Namba ya simu hakuwa nayo. Lakini alikumbuka fomu ya zamani ya maswali ilidai namba, na Kitinda aliwahi kuuliza kitu mimba ikiwa ya miezi mitano. Fomu ile ilikuwa imeondoka na vazi la zamani. Akampigia Rangi dukani. Mashine za uchapaji zilikuwa zinanguruma nyuma yake.

"Rangi, fomu ya maswali ya zamani, bado ipo?"

"Niliizima, mama mdogo, ilikuwa inaharibu ukurasa. Kwani hii mpya ina nini? Nimehangaika nayo siku nzima, na wewe kila siku unanipigia..."

"Mwanangu, nisikilize. Kuna mjamzito ana dalili za kifafa cha mimba. Aliitafuta orodha akakutana na picha. Namba yake iko kwenye ile fomu."

Mashine ziliendelea kunguruma. "Usikate simu," Rangi alisema.

Mkunga alisikia miguu inakimbia, mlango, mashine zikafifia, vidole vinagonga vibonye. Alisikia pia pumzi ya Rangi, fupi fupi, kama ya mtu anayepandisha ngazi.

"Nimeiwasha. Kuna maswali mia tisa. Jina?"

"Kitinda."

"Kitinda, Kitinda... Nimempata. Andika."

Mkunga aliandika namba kwenye kiganja cha mkono. Aliipiga ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa na sauti ya mama mtu mzima.

"Shikamoo mama. Mimi ni mkunga. Namtafuta mwenye simu."

"Marahaba. Amelala. Mimi ni mkwe wake. Kichwa kilimsumbua, nikamwambia ajipumzishe. Akiamka nitampa salamu zako."

"Mama, naomba umwamshe."

"Nimwamshe? Na usingizi ndiyo kwanza umemchukua? Hebu muacheni mtoto wa watu apumzike."

Mkunga alijua akipaza sauti simu itakatwa, na ikikatwa haitapokelewa tena. Akashusha sauti.

"Sawa mama. Niambie tu, uso wake ukoje?"

"Umenawiri. Umejaa kweli kweli. Tangu juzi pete imegoma kutoka kidoleni, tukacheka wote."

"Mama yangu, huko si kunawiri. Nimezalisha kwa miaka ishirini na miwili. Wanaoletwa kwangu na degedege, wengi walianza hivyo hivyo: kichwa, uso, wakaambiwa walale. Sikulaumu, ungejuaje? Ila mwamshe sasa hivi, na mimi niko hapa kwenye simu."

Zikasikika hatua, na kitanda kikilia. Sauti nyingine ikaja, nzito, kama ya mtu anayeongea na mdomo uliojaa.

"Mama mkunga? Umepata wapi namba yangu?"

"Ulinipa mwenyewe, mwanangu. Unaona vizuri?"

"Naona kama kuna maji mbele ya macho."

Yule mkwe alikuwa anasikiliza, maana aliichukua simu hapo hapo. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimesikia. Jirani ana gari. Tunatoka." Akakata.

Mkunga alirudi wodini kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Kulikuwa na mama aliyefikia kusukuma, na mikono yake ikafanya kazi kama kawaida, ikapokea mtoto wa kiume mnene aliyelia kabla hajatoka mabega. Kila mtu chumbani alicheka. Mkunga naye alicheka, na simu mfukoni ikawa nzito kama jiwe. Aliigusa mara ngapi, hakuhesabu. Saa nane. Saa tisa. Saa kumi Rangi aliandika: Kuna habari? Akamjibu: Bado.

Saa kumi na moja na robo iliita.

"Mkunga." Alikuwa yule mkwe, na alikuwa analia. "Walipompima presha daktari alipiga kelele kuita wenzake. Mia na themanini, ile ya chini sikuishika. Wamemtundikia dripu, hajapata degedege. Wanasema watamtoa mtoto kesho. Mimi nilikuwa namwambia alale. Mimi!"

"Wewe ndiye uliyempeleka," Mkunga alisema, akakaa chini kwenye korido, mgongo ukutani, na sare yake ya kazi.

Mtoto alitolewa Ijumaa asubuhi, wa kike, kilo moja na gramu mia tisa. Alilazwa kwenye mashine ya joto, na kwa siku kumi na tisa hakuna aliyethubutu kumpa jina. Kisha akapewa, akaenda nyumbani na mama yake.

Lakini Ijumaa ile jioni habari za jina na za kwenda nyumbani zilikuwa bado mbali. Rangi alikuja kwa Mkunga moja kwa moja kutoka dukani, wino haujamtoka kwenye kucha. Alikuwa ameshairudisha blogu kwenye vazi lake la zamani tangu jana. Alikaa bila kuvua viatu.

"Mimi ndiye niliyesema ataipata ndani," alisema.

"Uliniuliza. Mimi ndiye ninayejua mjamzito anasoma kwa simu gani, na mimi ndiye niliyesema sawa. Nilipendezwa, Rangi. Niliitazama picha nikasahau kazi."

Rangi alilia kwanza, kisha akapenga kamasi na kufungua kompyuta. "Basi tuifanye vizuri. Ila safari hii nataka simu mbovu. Mbovu kuliko zote unazozijua."

Jumapili mezani zilipangwa simu tano: ya mama wa usafi, ya mlinzi wa hospitali, na tatu zilizookotwa kwenye madroo ya ukoo. Walijaribu mandhari kumi na moja, zote za bure, maana mandhari nyepesi zilikuwa za bure, na Rangi alizikataa saba kabla hata Mkunga hajasema. Kati ya nne zilizobaki, moja ilifunguka kwa sekunde tatu kwenye kioo kilichopasuka. Rangi akaiwekea mkanda mwekundu juu, usiokwepeka, dalili sita ndani yake kwa herufi nene, na namba ya kupiga chini. Picha haikuwepo hata moja. Akarudi nyuma, akakunja uso, akaupunguza ule wekundu kidogo tu, kwa sababu ulikuwa unapigana na maandishi.

"Zawadi yangu imekwenda na maji," alisema.

"Hii ndiyo zawadi."

Kwenye warsha hakuna aliyeisifia blogu. Mkunga mwenzake mmoja aliuliza anwani ya blogu akaiandika kwenye daftari, mazungumzo yakaendelea.

Jambo ambalo Mkunga hakumwambia mtu ni lile la takwimu. Kati ya Jumapili na Alhamisi, siku ambazo kichanga kile kilikuwa kinacheka ukurasani, watu mia tatu na kumi na mmoja waliingia wakatoka kabla ya sekunde kumi. Kitinda aliandika. Wale wengine hawakuandika, na fomu haikuwa na namba zao. Alijaribu kujiambia kwamba wengi wao walikuwa wazima, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi, kabla ya zamu, alimwomba mama wa usafi simu yake ndogo, akaifungua blogu, akahesabu. Moja, mbili, tatu. Mkanda mwekundu ukatokea. Akairudisha simu, akafunga vifungo vya sare, akaingia wodini kuona nani amefika.