Alama ya Pasi Mezani

...na kola mwisho, jamani, kola mwisho! nani anapiga pasi shati akaiacha kola mwisho, bibi yake, dobi wa nyumba hii, alianza na kola, kisha mabega, kifua ndiyo kilikuwa cha kumalizia, lakini huyu msichana waliyemvisha gauni la zamani na kumpaka unga kichwani ati ndiye bibi huyo, anaisukuma pasi ya mkaa kama anayefuta meza, tena pasi baridi, haina hata kaa moja, na wageni wa tamasha wanapiga picha, nje ngoma zinadunda mpaka vioo vinatetemeka, chumba hiki kilinuka wanga na moshi, leo kinanuka rangi, kuta wamezipaka manjano, manjano! na zilikuwa za chokaa... "Mama, shusha mkono, ni maigizo tu," binti yake ananong'ona, maigizo, anasema hivyo kwa kuwa yeye hakulelewa humu, na mkono haushuki, ameunyoosha tangu kwenye kola, mwongoza wageni mwenye kofia pana hauoni au anajifanya hauoni, "Sasa wapendwa, tazameni hapa," alama nyeusi mezani, umbo la pasi kabisa, "siku moja dobi wetu alisinzia kazini, shati la bwana harusi likaungua, na meza nayo!" wanacheka, "Bibi, ukichoka si ukalale!" jamaa mmoja anamtania yule msichana, naye anajikoromesha, wanacheka tena, asinzie nani? bibi? mwanamke aliyesimama tangu alfajiri mpaka miguu ikamvimba, hakusinzia hata siku moja, wameyatoa wapi haya, watu wa ofisi ya uhifadhi wanajitungia tu, na yeye ndiye aliyewapa daftari zima, historia ya nyumba nzima, miaka kumi na moja ya kumsumbua shangazi huyu na mjomba yule, kila tarehe ameihakiki, wangesoma tu, ukurasa wa tisa pale... ukurasa wa tisa... alisinzia. Aliandika alisinzia. Yeye mwenyewe, kwa wino, akapiga na mstari chini kwa rula, kwa sababu ndivyo bibi alivyomwambia bwana harusi mlangoni, "Nisamehe mwanangu, nilisinzia," na bwana harusi akapaza sauti mtaa mzima usikie, bibi kizee hafai tena, na mashati yakaanza kupelekwa kwa dobi mwingine, na yeye, wakati huo mtoto wa miaka saba, amejikunyata chini ya meza hiihii, maana bibi alitoka kuchota maji naye akaishika pasi, alitaka kuona kama anaiweza, ikamlemea, akaiacha palepale juu ya shati akakimbilia chini... bibi aliporudi aliinama, akamwona, hakumgombeza, alivuta tu ukingo wa shuka la meza ukamfunika, ndipo akaenda kumfungulia bwana harusi mlango, na hawakulizungumza tena mpaka anakufa... "Kabla hatujatoka, kuna swali?" kola, chokaa, yote alikuwa nayo tayari mdomoni, sasa hayaonekani yalipo, "Ehe, mama pale nyuma, mkono wako umesimama muda mrefu, pole," vichwa vinageuka, binti yake anaficha uso, msichana ameishikilia pasi hewani anangoja, na hii meza hawakuitandika shuka, chini yake kweupe mpaka ukutani, hakuna pa mtu kujificha, na mkono bado uko juu...