Daftari la Maneno Mia

Ifahamike kwa walimwengu wote, waliopo na watakaozaliwa, kwamba lugha ilitakaswa rasmi siku ya Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mbele ya wanafunzi mia tatu waliosimama mstarini, mmoja wao akiwa amepasukiwa na suruali nyuma na kujiziba kwa daftari la hesabu.

Mwalimu wa nidhamu alitangaza kwamba maneno ya mtaani ni marufuku shuleni. Kila neno lisalimishwe, liandikwe pamoja na maana na mfano, kisha yeye atie saini. Yalitakiwa maneno mia moja kufikia Ijumaa jioni. Kazi hiyo alipewa mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeitwa Kamusi, kwa kuwa hakuna neno la mtaani lililompita bila kumsalimia. Ujira wake ulikuwa kusamehewa zamu ya vyoo muhula mzima.

Kamusi aliianza kazi kwa moyo mkunjufu na nia mbaya.

"Kimeo," aliandika. "Kitu kibovu kisichofanya kazi. Mfano: Saa ya mwalimu wa nidhamu ni kimeo lakini anaitazama."

Mwalimu alisoma, akaongeza koma, akasaini. Tangu dakika hiyo hakuna mtu shuleni aliyeweza kulitamka neno lile. Mtu alifungua kinywa, ikatoka hewa ya vuguvugu, akafunga. Mbali na hapo alikuwa mzima.

"Poa" liliondoka Jumatatu mchana, "noma" jioni, "msosi" Jumanne. Mpishi, aliyewaita watu kula kwa neno hilo miaka kumi na saba, alijaribu mara mbili, kisha akachukua mfuniko wa sufuria akaugonga kwa mwiko. Muuguzi wa shule alipima homa watu sita, akaandika kwenye faili "upungufu wa neno" na kuwapa vidonge viwili viwili. Daftari nalo lilizidi uzito. Kufikia neno la themanini lilibebwa na watu wawili.

Kitanda kilicho chini ya cha Kamusi kililaliwa na Goti. Muhula uliopita mkaguzi alimuuliza Goti kama kuna wanaopigwa shuleni, naye akajibu kweli. Mkaguzi alishukuru akaenda zake. Tangu hapo, kila Jumatano baada ya vipindi, Goti aliitwa kwenye stoo ya majembe, na mwalimu wa nidhamu akafunga mlango.

Kila Jumamosi Goti alipewa dakika tano za simu ya ofisini kuongea na dada yake, fundi cherehani, mwalimu yuleyule akiwa mezani anasahihisha madaftari. Barua pia zilipitia kwake. Kwa hiyo wakati wa likizo ndugu hao wawili walitunga neno lao. Neno lilikuwa "shukuti", na shuleni Kamusi peke yake aliambiwa.

"Ukizidiwa, liseme tu," dada alimwambia. "Nitaacha cherehani inazunguka, nije siku hiyohiyo."

Goti alikuwa akilibania, maana dada akikosa siku moja kazini anafukuzwa. Lakini Jumatano ya wiki ile alirudi bwenini akishika ukuta.

"Jumamosi nalisema," alimwambia Kamusi. "Imetosha, ndugu yangu."

"Liseme hata mara tatu, bwana. Halilipiwi."

Ijumaa saa kumi na mbili jioni maneno yalikuwa tisini na tisa. Kamusi alikuwa ameshamaliza ya mtaani, ya sokoni, na mawili ya ujana wa babu yake.

"Moja," alisema mwalimu akiwa mlangoni.

"Kichwa kimekauka, mwalimu."

"Basi ndoo na ufagio viko palepale ulipoviacha."

Kamusi aliutazama ukurasa. Akajiambia kwamba mwalimu akiliona jambo lile kwa wino, na saini yake inasubiri chini, ataona haya. Akaandika: "Shukuti. Kupigwa stoo mlango umefungwa, hadi mtu asiweze kulala chali. Mfano: Dada, nina shukuti, njoo unichukue."

Mwalimu alisoma taratibu. Akafuta "hadi", akaweka "mpaka". Akasaini.

"Mfano mzuri," alisema. "Unaeleweka."

Jumamosi Kamusi alikuwa ofisini na mwenzake, wanaliingiza daftari kabatini, Goti alipopewa simu. Ilikuwa simu ya sauti kubwa. Dada alisikika mpaka dirishani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona unaongea kama umemeza pamba?"

Goti alifungua kinywa. Ikatoka hewa.

"Haloo? Unapuliza nini?"

Akajaribu tena. Kisha akatunga lingine papo hapo. "Dada, nina mbarakuju."

"Una nini? Ndiyo mnayofundishwa hayo?" Dada alicheka. "Elimu tamu. Sisi huku tunashona tu."

Neno jipya lilihitaji watu wawili, na lilikuwa na mmoja. Mwalimu aliacha kusahihisha. Kalamu ilikaa hewani.

"Hakuna neno unataka kuniambia?" dada aliuliza.

"Lipo, dada."

"Liseme basi."

Ikatoka hewa.

"Laini mbovu hii. Ila ungekuwa na shida ungelisema lile letu, si ndiyo? Mimi nalala usingizi kwa sababu ya lile."

Dakika tano zikaisha.

Mkaguzi alikuja tena. Alifungua kabati, akasoma daftari lote mpaka neno la mia, akasifu mwandiko, akasema mifano imetoka kwenye maisha halisi. Kisha akashukuru akaenda zake.

Kurasa hizi amezisoma Goti, ameketi ukingoni mwa kitanda. Alipofika pale Kamusi anapojiambia kwamba mwalimu ataona haya, aliweka kidole.

"Kwa nini umejiandika kama mtu mwingine?" aliuliza. "Na hili la haya, ni kweli?"

Msimulizi alikohoa. Alipomaliza kukohoa, kidole kilikuwa bado pale.

Basi nakiri. Kamusi ni mimi. Ile haya ya mwalimu niliitunga baadaye, nilipoona hadithi inahitaji mtu mwema. Jioni ile niliwaza ndoo, nikawaza ufagio, nikaandika.

Goti alizipanga kurasa vizuri, akanirudishia. Ilikuwa Jumatano, vipindi vimeisha, na nje walikuwa wanamwita.