Kina cha Kisima cha Bondeni

Fundi wa visima aliitwa Chura, na wala jina hilo halikumkera. Mtu aliyeishi miaka thelathini na moja, nusu ya mwili ikiwa majini, huitwa mengi mabaya kuliko hayo. Alishafukiwa na udongo mara mbili, akang'atwa na nge shimoni, na siku moja mteja alichukua ngazi kwenda kupaka rangi dirisha akamsahau chini hadi mchana. Kwa hiyo Jumamosi ile alipoingia kwenye ukumbi wa shule, kusikiliza habari za bomba la mafuta, hakutarajia kutishwa na chochote kilicho juu ya ardhi.

Viti vilikuwa vya watoto. Wazee wazima walikaa magoti yakigusana na kidevu, wakitazama ramani iliyobandikwa ubaoni. Juu yake palikuwa na mistari miwili iliyotoka upande wa pili wa mpaka, nchi jirani, ikielekea bandarini. Mstari mweusi ulikatiza bondeni, karibu na kisima ambacho mtaa mzima ulikitegemea. Mstari mwekundu ulipita upande wa juu, na hapo upande wa juu, fundi alijua bila kuambiwa, ndipo bintiye alipomaliza kuezeka nyumba ya vyumba viwili mwezi uliopita.

"Mweusi ndio wenyewe," shemeji yake, muuza matairi, alimnong'oneza. "Mwekundu ni wa akiba, mweusi ukikwama. Sasa sikiliza, shemeji. Nikipiga makofi, na wewe piga. Usije ukajichanganya."

"Na wewe ukikosea?"

"Nikosee vipi? Bomba likija, malori yanakuja. Malori yana matairi."

Injinia wa bomba akasimama, kijana mpole mwenye jasho shingoni. Akaeleza kwamba chuma chenyewe ni kinene, kitafukiwa, na kitalindwa na mitambo inayohisi hata tone likidondoka. Akawakumbusha lile lori la mafuta lililopinduka kwenye kona likateketeza maduka manne. Bomba halipinduki, alisema. Fundi akaliona tena lile lori, akaona na moshi wake, akapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Kisha akasimama mama wa mazingira, wa shirika linalolipinga bomba, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya matope, tofauti na wageni wengine. Akasema ufa mwembamba kama unywele haupigi kelele. Mafuta hushuka polepole, mwezi baada ya mwezi, na siku mtu anapoyanusa kwenye ndoo, maji hayo hatayanywa yeye wala mjukuu wake. Fundi akaona ndoo, akaona mjukuu. Akapiga makofi tena.

"Wewe!" shemeji akamvuta mkono. "Unampigia nani?"

"Wote wawili. Wamesema vizuri."

"Haiwezekani kuwapigia wote wawili!"

"Mikono ni yangu, shemeji."

Lakini utani huo ulikuwa wa mdomoni tu. Kichwani alikuwa amevurugikiwa. Kila aliyesimama alimbeba mzima mzima, na aliyefuata akamrudisha alikotoka. Akatamani amwone hata mmoja anayedanganya waziwazi, apate kupumzika.

"Tena hatubahatishi," injinia akaendelea. "Sharti ni moja. Maji yakiwa karibu kuliko mita kumi kutoka usawa wa ardhi, bomba halipiti hapo. Kisima cha bondeni kina mita kumi na moja. Vipimo vya visima vyote tulipewa na fundi mwenyewe aliyevichimba. Mzee, hebu simama wakuone."

Fundi akasimama, akapigiwa makofi, akainua mkono kama bwana harusi. Mkono ukiwa bado juu, akakumbuka.

Kumi na moja ilikuwa ya kamba.

Mafundi wa visima hawampimii mteja ardhi. Humpimia kamba ya kununua, kwa sababu mteja hana shida nyingine na kina. Hivyo ndivyo mjomba wake alivyomfundisha kazi, na mjomba naye alifundishwa hivyohivyo. Unaanzia kwenye kapi, lile gurudumu la juu ya nguzo linalopitisha kamba. Unaongeza mkono mmoja wa fundo, na unaongeza urefu wa kuifanya ndoo izame. Msichana wa kampuni ya bomba alipokuja na fomu akauliza, "Kisima hiki mita ngapi, mzee?" alimjibu kama anavyomjibu kila mtu. Hakudanganya hata sentimita moja.

Akakaa. Akaanza kuhesabu kwa vidole, mikono ameificha kati ya magoti. Toa nguzo. Toa fundo. Toa ndoo. Ilibaki kama nane na nusu.

Akageuka kumtafuta bintiye, akamkuta anamtazama. Asubuhi, akimmiminia chai, binti alikuwa amemwambia maneno machache tu: "Baba, leo kaa kimya. Mweusi ukipita, nyumba yangu imepona." Na mweusi ulikuwa unapita. Alichotakiwa fundi ni kuendelea kukaa kwenye kiti cha mtoto, basi. Huenda bomba lisivuje milele. Injinia alisema halitavuja, na alikuwa kijana wa watu, mwenye adabu. Mama wa mazingira alisema litavuja, na yeye pia alikuwa mtu wa watu. Fundi alihangaika kutafuta upande wa kuegemea, asiupate. Alichokuwa na hakika nacho ni ile kamba.

Mwenyekiti wa mtaa akauliza kama kuna swali la mwisho. Fundi akajikuta amesimama, na miguu haikuwa imemwomba ruhusa.

"Mwenyekiti, ile kumi na moja siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo ya ardhi. Ni ya kamba." Akaeleza kapi, akaeleza fundo, akaeleza ndoo inavyozama. Alieleza vibaya, akarudia, akachanganya zaidi. Watu wengine wakacheka, wengine wakazomea.

"Fundi," mwenyekiti akamkatiza, "wewe uko upande gani? Wa bomba au wa kulipinga?"

"Sijui, mwenyekiti. Mimi nimesimamia namba tu."

"Kaa chini, Chura!" shemeji akabwata. "Unaniulia biashara!"

Injinia hakubwata. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Twende tukapime," alisema.

Wakateremka wote bondeni, ukumbi mzima, jua la saa nane likiwachoma utosi. Injinia akashusha utepe wake wa chuma, akaushika usawa wa ardhi, na mama wa mazingira akapiga magoti upande wa pili kuhakikisha. Kwa mara ya kwanza siku hiyo wawili hao walisoma kitu kimoja: mita nane na sentimita sitini.

Mama wa mazingira alimpa fundi mkono. Shemeji alisonya, akageuka. Binti alisimama nyuma ya watu, mikono kifuani, wala hakulia, na hilo lilimuuma babake kuliko kilio.

Injinia akaikata kumi na moja kwenye karatasi kwa mstari mmoja. Akafungua ukurasa wa pili, kalamu ikasimama hewani.

"Mzee, hivi visima vingine. Humu nina ishirini na sita."

"Naam."

"Umevipima vipi?"

"Kamba."

"Vyote?"

"Vyote, mwanangu. Sijui kupima kwingine."

Injinia akakaa kwenye ukingo wa kisima, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Watu wakaanza kuulizana bomba sasa linapita wapi, na kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Binti akajipenyeza hadi mbele. "Na kile cha huku kwetu juu, baba? Kile cha nyuma ya nyumba yangu?"

"Hicho niliwaandikia kumi na mbili."

"Za kamba."

"Za kamba."

"Kwa hiyo nyumba yangu inabomolewa, au haibomolewi?"

Fundi alijaribu kuhesabu. Nguzo za kisima kile zilikuwa fupi, na fundo hakulikumbuka. Namba zikagoma kusimama sawasawa. Ikawa kumi, ikawa tisa na kitu, ikarudi kumi.

"Sijui, mama," alisema. "Wallahi sijui."

Binti akamgeukia injinia, akanyoosha mkono.

"Kaka, lete huo utepe. Nyie fuateni."

Akatangulia kupanda mlima, na babake akamfuata nyuma, akihema.