Kobe Azimika Ukweni

Kobe hakuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani isipokuwa Mzee Abdallah. Porini, kwenye barabara ya Wamaza, alikula udongo kutwa nzima bila kukohoa. Akiingia mjini Kasongo, akifika mbele ya duka la Mzee Abdallah, puu! Amezimika. Ndoo juu, udongo ndani ya ndoo, na Feruzi kwenye kiti anatokwa na jasho mpaka kwenye nyusi.

Kobe ni mashine ndogo ya kuzoa udongo, ile yenye ndoo mbele na mikanda ya mpira mahali pa magurudumu. Muhindo, fundi wa Butembo aliyeingia Maniema akifuata dhahabu na kukutana na matope, aliinunua ikiwa imeshachakaa kutoka kwa wajenzi wa barabara waliokuwa wanafunga virago. Mwenyewe alitaka kuiita Nguruwe, kwa jinsi inavyofukua. Feruzi, dereva wake, akagoma.

"Mukubwa, mimi mutoto wa Kiislamu, nikae juu ya nguruwe kutwa? Nyumbani nitasema nini?"

Basi ikawa Kobe.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimechimba korongo mbele ya duka la Mzee Abdallah. Lilishameza nusu ya barabara, na sasa lilikuwa linainyemelea baraza yake. Watu wa mtaa wakamwita Muhindo aje alifukie, na Feruzi akafurahi mpaka akaenda kunyoa. Afurahie korongo? Wapi! Ndani ya duka lile alikuwamo Aïcha, na Aïcha alikuwa na baba, na baba, Mzee Abdallah mwenyewe, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Siku Kobe alipozimika tena pale pale, Mzee alisimama barazani na kikombe chake cha kahawa.

"Kijana, mashini yako inatembea kwenye milango ya watu wote. Kwangu inakukataa. Mimi si mutu wa ushirikina, lakini macho iko nayo. Siku utafukia hili shimo bila kuzimika-zimika, wajomba zako walete maneno yao ya posa. Kabla ya hapo wasichoke bure."

Feruzi alikuwa anampenda Aïcha, hakuna haja ya kulizungusha. Maneno yale yalimkata maini.

Muhindo naye aliona ametukanwa. Kwanza alishuku mikanda. Kumbe Feruzi, aliyekulia sokoni akitengeneza baiskeli, alikuwa ameikaza kama mnyororo wa baiskeli, kisha akaipaka mawese ili ilainike. Kuku wa jirani walikuwa wanaidonoa.

"We Feruzi! Hii haiko kinga, haiko baiskeli!" Muhindo alishika kichwa. "Kinga ndiyo inapakwa mawese. Mpira ukiupaka mafuta unaoza, na ukiukaza hivi unakula nguvu yote ya mashini!"

Wakaiosha mikanda kwa sabuni, wakailegeza kidogo, wakachokonoa mawe na matope yaliyoshikana ndani. Wakabadilisha filta ya mazutu, yaani dizeli. Vichwa vya betri wakavimwagia maji ya moto na kuvikwaruza mpaka vikang'aa. Kila penye kiungo, grisi. Halafu Muhindo akapanda mwenyewe, akapita mbele ya duka, akageuza, akapita tena, akimpungia Mzee Abdallah mkono kama waziri. Kobe hata chafya hakupiga.

Akashuka, Feruzi akapanda. Puu!

"Ndugu yangu," Muhindo alisema polepole, "uliiba mbuzi ya nani?"

Watu walicheka. Mzee Abdallah hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Feruzi zaidi.

Kesho yake mchana Feruzi alikwenda dukani kununua sabuni, ingawa kwao sabuni ilikuwapo. Mzee alikuwa msikitini. Feruzi akakaa juu ya gunia la mchele, uso umemshuka. Aïcha alimtazama, akaanza kucheka.

"Unacheka nini sasa?"

"Nakucheka wewe. Ninyi wote munatazama mashini. Mimi natazama dereva."

"Na umeona nini?"

"Baba akitokea barazani, wewe unafanya nini?"

"Namusalimia."

"Namna gani? Onyesha."

Feruzi akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, na hapo hapo, bila kuambiwa, makalio yakanyanyuka kutoka kwenye gunia. Alibaki hivyo hivyo, nusu amekaa nusu amesimama, mdomo wazi. Mzee mwingine yeyote, mkono unatosha. Lakini baba wa mchumba! Umsalimie umekalia kitako kama gogo? Mkwe unamnyanyukia hata kama sahani ya bugali iko mapajani. Feruzi alifundishwa hivyo tangu hajaota meno, na hakuwa anajua tena kama anafanya.

Alikimbia kwa Muhindo. Muhindo akafungua mto wa kiti, akajipiga paji la uso. Chini yake palikuwa na swichi ndogo. Isipohisi uzito wa dereva inadhani ameanguka, basi inaifunga mashine yote, mpaka uizime na kuiwasha upya.

"Na mimi nilimupungia nimekaa," Muhindo alisema. "Sina mukwe Kasongo."

"Tuunganishe waya, mukubwa. Tuidanganye."

"Kamwe! Hiyo waya inalinda miguu yako. Ukianguka mbele ya mikanda, nani atamwambia Kobe asimame?"

"Sasa?"

"Sasa usimusalimie."

Wakatazamana, wakaangua kicheko wote wawili, maana jambo lenyewe haliwezekani. Kisha Feruzi akahesabu kwa vidole. Kufukia shimo huku amemdharau Mzee, au kumheshimu Mzee na shimo libaki. Njia zote mbili Aïcha hayupo.

Asubuhi alikwenda kwa miguu. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa mto Lualaba. Alimkuta Mzee Abdallah anafungua duka, akachutama mbele yake.

"Salaam aleikum, Baba."

"Waaleikum salaam."

"Baba, hii salamu ni ya leo yote, asubuhi mpaka magaribi. Kumbe nikikunyanyukia ndipo mashini inazimika. Siku zote ni mimi nilikuwa naizima, kwa heshima yako. Leo nakuomba ruhusa nikae."

Mzee aliacha mlango nusu wazi. "Unaomba ruhusa ya kukaa. Mbele yangu."

"Ndiyo, Baba."

"Nimesikia," alisema Mzee, akaingia ndani. Na kila mtu anajua, nimesikia si ruhusa.

Kobe alifanya kazi siku ile, wallahi alifanya kazi! Alizoa, akasukuma, akamwaga, na korongo likajaa kidogo kidogo. Feruzi hakuinua macho kutoka kwenye ndoo. Alasiri matone ya kwanza yakaanza kudondoka, na palibaki kipande kimoja tu, kile cha mlangoni hasa. Akajaza ndoo, akaiinua, akasogea.

Hapo Mzee Abdallah akatoka barazani na kanzu yake nyeupe, anakwenda kuswali. Feruzi aliiona kanzu kwa pembe ya jicho. Mwili haujui mapatano. Mkono ukaenda wenyewe kifuani, kichwa kikainama, magoti yakaanza kukaza.

"Kaa!"

Sauti ile ilishinda injini. Mtaa mzima uligeuka. Mzee Abdallah alikuwa ameinua fimbo yake juu.

"Kaa chini! Kaa, mukwe!"

Feruzi akajibwaga kitini. Kobe akaguna, ndoo ikainama, udongo ukashuka wote mahali pake. Mzee akaukanyaga kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, akavuka, akaenda zake msikitini. Mlangoni mwa duka Aïcha alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Muhindo alikuja mbio kwenye mvua. "Amekuita nani? Feruzi! Mzee amekuita nani?"

Feruzi alikuwa ameshikilia kiti kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anaogopa hata kuvuta pumzi asije akanyanyuka.