Mikwaruzo Ukutani mwa Ngome

Jirani yetu fundi cherehani anadai wifi yangu aliwaliza wageni jana kule ngomeni. Eti mama mzima na mkoba wake wa ngozi alitoa leso, akapenga kamasi, wifi akawa anambembeleza kama mfiwa.

"Yule mke wa kaka yako ana mdomo wa asali," akaniambia, huku akiniviziavizia usoni.

Nikacheka. Moyoni nilikuwa nawaka.

Ngome ile iko ukingoni mwa mto tangu enzi za askari waliolinda kivuko. Baadaye ikawa gereza, kisha ghala la mahindi. Baba ndiye aliyekuwa mlinzi wa ghala, tukapewa chumba cha chini chenye dirisha la nondo. Nimekulia humo. Sasa ni makumbusho: mimi nafagia, wifi, aliyeolewa juzijuzi tu, anatembeza wageni.

Leo nikasogea na ufagio wangu hadi mlangoni mwa kile chumba chetu. Wifi alikuwa anapapasa mikwaruzo ya msumari ukutani.

"Hapa mfungwa alikuwa anahesabu miaka yake," akasema, sauti ikimtetemeka. "Tazameni inavyopanda. Hakukata tamaa."

Mfungwa! Mfungwa gani? Ni mimi yule. Kila mavuno Baba alinisimamisha pale, visigino ukutani, akakwaruza juu ya utosi wangu. "Haya, umeshalipita gunia," alikuwa akisema. Kaka alikuwa hataki kupimwa. Mikwaruzo yote ni yangu.

Na Baba mwenyewe alikuwepo! Wifi alimwalika, akamkalisha kitini kama bwana harusi.

"Mkweo anajua kusimulia, mzee," mgeni mmoja akamwambia.

Baba akatabasamu mpaka fizi. "Mkwe wapi? Huyu ni binti yangu."

Wageni walipotoka kwenda kuutazama mto, niliegemeza ufagio, nikasimama pale pale, visigino ukutani. Mkwaruzo wa juu kabisa ulinifika begani.

"Makubwa! Wifi, utajipaka vumbi," wifi akacheka. "Unapimwa sare?"

Sikumtazama. "Baba," nikasema, "hebu mwambie mkweo hii mikwaruzo ni ya nani."

Baba akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, kisha akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubazi.