Futi Thelathini na Nane Msituni

Baba yangu, Duane Skogen, aliendesha garimoshi la mizigo kwa miaka thelathini na moja, kutoka mji wa Havre kwenda magharibi, na siku alipostaafu alikuwa na wazo moja tu kichwani: kununua tela la kuishi. Hakutaka lile dogo la kufungwa nyuma ya gari. Alitaka lile ambalo shingo yake hupanda juu ya bodi ya pikapu na kunasa kwenye sahani ya chuma katikati. Kwetu Montana huliita gurudumu la tano, ingawa gurudumu lenyewe hulioni.

Alikuwa ameshalichagua. Lilikuwa na urefu wa futi thelathini na nane, vyumba vitatu vinavyosukumwa nje ubavuni ukishaegesha, viti viwili vya ngozi, na meko ambayo moto wake ulikuwa picha tu nyuma ya kioo. Alinipigia simu akiwa bado uwanjani kwa muuzaji.

"Karin, lina vyoo viwili."

"Mko wawili, Baba."

"Ndiyo maana."

Mama yangu, Lorna, hakuwa na neno na meko wala vyoo. Yeye alitaka kambi za umma za msituni, zile zenye meza ya mbao, shimo la moto na ziwa hatua chache kutoka mlangoni. Viwanja vya watu binafsi, ambako matela hupangwa bega kwa bega, hakuvitaka hata kuvisikia. Tatizo ni kwamba kambi nyingi za msituni zilichorwa zamani, watu wakilala kwenye mahema. Mama alikuwa amechapisha orodha ya kambi arobaini alizotaka kuziona, na mbele ya kila moja urefu wa mwisho unaoruhusiwa, akaibandika kwenye mlango wa friji. Nyingi ziliishia futi thelathini.

Baba aliisoma orodha hiyo huku anatafuna.

"Hizi namba ni za kutisha watu," alisema. "Mimi nimeburuta mabehewa mia na kumi kupita milimani kwenye theluji. Futi thelathini na nane ni nini?"

"Na katika miaka yote hiyo ulikata kona ngapi?" Mama aliuliza.

"Nyingi."

"Zilikatwa na reli, Duane. Wewe ulikuwa umekaa."

Nilicheka hadi kahawa ikanipalia. Lakini Mama hakuwa anatania tu. Kaka yake, mjomba wangu Merle, alikuwa na tela la urefu uleule, ambalo kila majira ya baridi hulipeleka Arizona kwenye viwanja vipana. Mama akasema waliazime kwa siku mbili, walipeleke kambi moja ya kwenye ile orodha. Likiingia, Jumatatu yeye mwenyewe atamsindikiza Baba kusaini. Baba alikubali kabla Mama hajamaliza kusema.

"Likirudi na mkwaruzo," Mjomba Merle alituonya akitukabidhi funguo, "nahamia kwenu."

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, mwezi wa Juni. Nilikaa kiti cha nyuma cha pikapu, nikiwa na furaha ya mtoto aliyetoroka shule, kwa sababu nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nikidanganya kidogo. Kwenye barabara kuu tela lilifuata kama mwana-kondoo. Baba alipiga mluzi njia nzima.

Mnamo saa nane mchana tuliingia kambi ya Ziwa Marten. Njia ya ndani ilikuwa ya kuzunguka, ya changarawe, pana kwa gari moja tu, na misonobari imeibana pande zote mbili. Kona ya kwanza tulipita. Kona ya pili pikapu ilipita, tela likakataa. Tela refu halikanyagi pale pikapu ilipokanyaga. Hukata kwa ndani, na kadiri linavyorefuka ndivyo linavyozidi kukata. Nilipotazama kioo cha kulia, shina la msonobari lilikuwa limefika usawa wa dirisha la jikoni la Mjomba Merle.

"Baba, simama."

Akasimama. Nilishuka nikapima nafasi iliyobaki: vidole vinne. Upande wa kushoto kulikuwa na jiwe lenye ukubwa wa friji. Nyuma yetu yalikuwa yameshajipanga magari matatu, la mwisho likivuta mashua.

Mwangalizi wa kambi, mama mmoja mnene aliyevaa ndala, jina lake Opal, alikuja bila haraka.

"Mnakwenda namba ngapi?"

"Kumi na saba," Baba alijibu.

"Kumi na saba ni futi thelathini, mzee wangu. Hata ukifika, pua itabaki barabarani."

Baba alizima injini. Kisha akamgeukia Mama.

"Lorna, nadhani hapa anatakiwa mtu aliyekulia shambani."

Mama alikuwa amezaliwa kwenye shamba la ngano, na tangu ana miaka kumi na mitatu alikuwa akirudisha nyuma matela ya nafaka hadi mlangoni mwa ghala. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau.

"Nilidhani hutasema," alijibu, akashuka kuzunguka kwenda upande wa dereva.

Alivuta kiti mbele na kuushika usukani kwa chini, ili mkono ukienda kulia, tako la tela nalo liende kulia. Opal aliyarudisha yale magari mengine. Watu wakatoka kwenye mahema yao na vikombe mkononi. Baba alisimama kwenye msonobari, mimi nikasimama kwenye jiwe.

"Njoo," Baba aliita. "Njoo. Njoo tena. Hapo hapo."

"Vingapi?"

"Vidole viwili."

Mama alishuka, akaviona mwenyewe, akapanda tena. Alisogea mbele kama hatua moja, akanyoosha, akarudi nyuma. Alishuka mara tatu kwa jumla. Ilichukua dakika arobaini. Tako la tela lilipochomoza kwenye njia panda ya mlangoni mwa kambi, mwanamume mmoja alianza kugonga sufuria kwa kijiko, wengine wakapiga makofi, na mimi nikajikuta nalia na kucheka kwa pamoja. Tela halikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Miaka thelathini na minne ya ndoa," Baba alisema, kofia mkononi, "hukuwahi kunionyesha hii."

"Ulikuwa unasimulia mabehewa."

Opal alituruhusu kulala kwenye uwanja wa kushushia mashua. Baba alikula kidogo tu, nikahofia amevunjika moyo. Asubuhi hakuwepo. Tulimkuta namba kumi na saba, amepiga magoti na utepe wa kupimia, macho yanang'aa.

"Karin, shika huku. Urefu si kitu peke yake. Tazama huu mti. Chumba kikisukumwa nje kinagota hapa."

Tulipima siku nzima. Tulipima urefu, nafasi kati ya miti, matawi yaliyoinama, na upana wa njia mbele ya kila nafasi ya kuegesha. Kati ya nafasi thelathini na moja, tela la Mjomba Merle lingeingia kwenye nne tu. La futi ishirini na nane lingeingia kwenye ishirini na sita. Mke na mume kutoka Spokane, wenye tela la urefu huo, walimkaribisha Baba ndani. Alilala kitandani mwao na viatu vikining'inia nje, kisha akajifungia bafuni.

"Viwiko vinagusa," alisema kutoka ndani, "lakini nageuka."

Jumatatu alisaini la futi ishirini na nane, lenye chumba kimoja cha kusukuma nje. Kwa wiki mbili zilizofuata Mama alimfundisha kurudi nyuma kwenye uwanja wa shule, kati ya ndoo za plastiki. Ndoo tisa zilikufa.

Julai tulirudi Ziwa Marten. Baba ndiye aliyeshika usukani, Mama akasimama nyuma akimwongoza kwa mikono. Mara ya kwanza alikosea, ya pili akakosea kidogo, ya tatu tela likateleza kati ya miti na kutulia. Nilibonyeza kitufe, chumba kikatoka ubavuni bila kugusa hata jani.

Mama alikuwa ameshakunja suruali na kuingia ziwani.

"Duane, haya maji yanauma. Njoo."

Baba aliuacha mpira wa kuingizia maji kwenye tela haujaunganishwa, akateremka mbio na viatu vyake miguuni.